Pua isiyonusa baada ya mafua au Korona: nini cha kufanya



Kila msimu wa mafua, wahudumu wa afya wa vijiji (VHT) hukutana na watu wenye malalamiko ya aina moja: "Mafua yamekwisha, kikohozi kimekwisha, lakini sisikii harufu ya kitu chochote." Mwingine husema chakula chote kina ladha ya karatasi. Mwingine husema nyama na vitunguu vinanuka kama kitu kilichooza, wakati watu wa nyumbani wanakula bila shida. Wengi huona haya kulieleza jambo hili kwa sababu halionekani kwa macho. Hakuna kidonda, hakuna uvimbe, hakuna homa.

Tatizo hili ni la kweli na lina jina kwa madaktari. Mara nyingi linatokana na virusi vya mafua, vya homa ya mafua au vya Korona. Lina mazoezi yanayosaidia, ambayo unaweza kuyafanya nyumbani kwa vitu vinavyopatikana sokoni Bwera, Kasese au Kasenyi. Makala hii inaeleza tatizo linavyotokea, namna ya kufanya mazoezi hayo, mambo ya kuepuka, na wakati gani lazima umwone mganga.

KUNUSA HUFANYIKAJE?

Juu kabisa ndani ya pua, karibu na usawa wa macho, kuna sehemu ndogo ya ngozi laini yenye unyevu. Ukubwa wake ni kama sarafu. Hapo ndipo zilipo neva za kunusa. Ukivuta hewa yenye harufu ya kahawa inayokaangwa, chembe ndogo sana za kahawa huingia na hewa, hugusa neva hizo, na neva hupeleka habari kwenye ubongo kupitia vitundu vidogo vya mfupa. Ubongo ndio unaosema: "Hii ni kahawa."

Ulimi peke yake unajua mambo machache tu: utamu, chumvi, uchachu, uchungu na ladha nono kama ya mchuzi wa nyama. Mengine yote tunayoyaita "ladha ya chakula" hutoka puani. Ndiyo maana mtu asiyenusa husema hata sombe na makayabo vimepoteza ladha, ingawa ulimi wake ni mzima. Akiweka sukari ulimini ataitambua kuwa tamu.

VIRUSI VINAHARIBU NINI?

Ukiwa na mafua ya kawaida, pua huziba kwa kamasi na uvimbe. Hewa haifiki juu, hivyo hunusi. Pua ikifunguka, harufu hurudi ndani ya siku chache. Hilo si tatizo kubwa.

Tatizo la muda mrefu ni tofauti. Hapa pua imefunguka, unapumua vizuri, lakini harufu hairudi. Virusi vimeumiza ile ngozi laini ya juu. Kwa upande wa Korona, wataalamu wamegundua kwamba virusi hushambulia hasa seli zinazozitunza na kuzilisha neva za kunusa. Fikiria shamba la maharage ambalo wapaliliaji na wamwagiliaji wameugua wote kwa pamoja. Miche haikukatwa, lakini inanyauka kwa kukosa matunzo.

Habari njema ni kwamba neva za kunusa zina uwezo ambao neva nyingi za mwili hazina: huota upya. Chini ya ngozi ile kuna seli changa zinazozaa neva mpya maisha yote ya mtu. Lakini kazi hiyo ni ya polepole. Inachukua wiki nyingi, mara nyingine miezi mingi, na neva mpya lazima zijifunze upya kuzungumza na ubongo.

JE, NI WATU WANGAPI WANAPONA?

Korona ilipothibitishwa kwa mara ya kwanza Uganda tarehe 21 Machi 2020, dunia nzima ilikuwa ndiyo kwanza inatambua kwamba kupoteza harufu ghafla ni mojawapo ya dalili zake. Mwaka 2022 jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, lilichapisha hesabu zilizokusanywa kutoka tafiti 18 za watu karibu 3,700 waliopoteza harufu kwa sababu ya Korona. Kati ya kila watu 100:

- baada ya siku 30, watu 74 walikuwa wamepata tena harufu;
- baada ya siku 90, watu 90;
- baada ya siku 180, watu 96.

Kwa hiyo wengi sana wanapona. Lakini takriban watu 5 katika kila 100 hubaki na tatizo la muda mrefu, na utafiti huo ulionyesha kwamba wanawake walikuwa na nafasi ndogo zaidi ya kupona haraka kuliko wanaume. Ukihesabu watu wote waliougua, hata wale ambao hawakupimwa kamwe, utaona kwamba watu hao 5 si wachache. Huenda mmoja wao ni jirani yako, au ni wewe unayesoma.

Wako waliopoteza harufu mwaka 2020 au 2021, hawakupimwa, na hadi leo hawajui kilichowapata. Baadhi yao waliambiwa na watu kwamba wamelishwa sumu au wamelogwa. Nyumba zimegombana kwa sababu hiyo. Tunasema wazi: mtu aliyepoteza harufu baada ya mafua, homa na kikohozi ana sababu inayojulikana, nayo ni virusi. Jirani yake hana hatia.

"KILA KITU KINANUKA VIBAYA": HARUFU ILIYOPOTOKA

Watu wengine hupata tena harufu, lakini kwa namna iliyopotoka. Mara nyingi hali hii huanza miezi miwili au mitatu baada ya ugonjwa, wakati mtu anadhani anapona. Kahawa inanuka kama plastiki inayoungua. Vitunguu vilivyokaangwa, vitunguu saumu, nyama ya kuchoma, mayai, hata dawa ya meno, vyote vinanuka uozo au kinyesi. Mtu hushindwa kula, hutapika, hukonda. Mume humwambia mke, "Siku hizi hujui kupika." Mtoto hukataa chakula na kupigwa bure.

Hali hii inatisha, lakini mara nyingi ni dalili kwamba neva zinaota. Neva mpya chache zimeanza kazi, nyingine bado. Ubongo unapokea nusu ya habari na kuisoma vibaya. Ni kama redio ambayo haijakaa sawasawa kwenye stesheni: sauti inakuja, lakini na makelele. Kwa watu wengi hali hiyo hupungua kidogo kidogo kwa miezi kadhaa.

JIPIME NYUMBANI

Kipimo hiki hakichukui nafasi ya mganga, lakini kitakusaidia kujua ulipo.

1. Hakikisha pua haijaziba. Penga kamasi kwanza.
2. Funga macho kwa kitambaa.
3. Mwombe mtu wa nyumbani akuletee karibu na pua, kimoja kimoja: kahawa, ganda la chungwa, tangawizi iliyokatwa na sabuni ya kuogea.
4. Sema unachonusa. Apumzike nusu dakika kabla ya kuleta kingine.
5. Mara moja moja akuletee kikombe kitupu, ili ajue kwamba hubahatishi.
6. Mwishoni weka sukari kidogo ulimini, kisha suuza mdomo na uweke chumvi kidogo. Ukitambua vyote viwili, ulimi wako ni mzima na shida iko puani.

Usijipime kwa mafuta ya taa, petroli, dawa ya kuua wadudu wala moshi. Pia usijipime kwa pilipili au marhamu ya mentoli. Ukali wa pilipili na ubaridi wa mentoli husikika kwa neva nyingine ya uso, ambayo si ya kunusa. Ndiyo maana mtu asiyenusa kabisa bado hupiga chafya akisogelea pilipili inayokaangwa, na watu wakamwambia kwamba anajifanya. Hajifanyi.

TIBA ILIYOPIMWA: MAZOEZI YA KUNUSA

Mwaka 2009 daktari Thomas Hummel na wenzake wa mji wa Dresden, Ujerumani, walichapisha matokeo ya jambo rahisi. Waliwapa watu waliopoteza harufu vichupa vinne vyenye harufu za waridi, mkaratusi, limau na karafuu. Watu hao walinusa kila kichupa asubuhi na jioni kwa wiki 12. Wengine hawakufanya mazoezi. Waliofanya mazoezi walipata nafuu zaidi. Tangu wakati huo wataalamu wa nchi nyingi wamerudia jambo hilo, na leo mazoezi ya kunusa ndiyo tiba ya kwanza inayopendekezwa kwa watu waliopoteza harufu kwa sababu ya virusi.

Hatudanganyi kwamba ni muujiza. Hayamsaidii kila mtu, na nafuu huja polepole. Lakini hayana madhara, hayahitaji mashine, na gharama yake ni ndogo. Mtu aliyeketi juani muda mrefu baada ya kuvunjika mguu lazima atembee kidogo kidogo ili mguu upate nguvu. Pua nayo ni hivyo hivyo: neva mpya na ubongo vinahitaji kazi ya kila siku.

Vitu vinavyohitajika

Chagua harufu nne, moja kutoka kila kundi:

- Maua: sabuni ya kuogea yenye harufu ya waridi, au maua mabichi yanayonukia.
- Matunda: ganda la limau, ndimu au chungwa.
- Viungo: karafuu, mdalasini au tangawizi.
- Majani: majani ya mkaratusi yaliyopondwa, au mchaichai.

Mikaratusi iko tele katika vilima vya Kasese. Karafuu, zile ambazo Zanzibar na Pemba zilijulikana kwazo duniani, huuzwa kwa punje pamoja na viungo vya chai. Kama mojawapo haipatikani, unaweza kutumia kahawa iliyokaangwa ya milima ya Rwenzori. Jambo muhimu ni kwamba kiwe kitu ulichokijua vizuri kabla ya kuugua, na kisiwe kikali cha kuchoma pua.

Tafuta vichupa au vikopo vinne vyenye vifuniko. Vioshe vizuri na kuvikausha. Usitumie chupa iliyowahi kuwekwa mafuta ya taa au dawa ya shamba. Weka kitu kimoja katika kila kichupa na uandike jina lake nje. Maganda na majani mabichi yabadilishwe kila siku mbili au tatu ili yasiote ukungu. Karafuu zipondwe kidogo, nazo zitadumu wiki kadhaa.

Namna ya kufanya

1. Keti mahali patulivu, mbali na moshi wa jiko. Asubuhi kabla ya kunywa chai, na jioni kabla ya kulala, ni nyakati nzuri.
2. Fungua kichupa cha kwanza. Kishike karibu na pua bila kukigusisha.
3. Nusa taratibu kwa pumzi fupi fupi, kama mtu anayekagua kama maziwa bado ni mazuri. Endelea kwa sekunde 15 hadi 20. Usivute kwa nguvu.
4. Wakati unanusa, ikumbuke harufu hiyo kwa moyo wako wote. Ukiwa na limau, kumbuka limau lililokamuliwa juu ya samaki, uchachu wake, rangi yake. Kumbukumbu hiyo ni sehemu ya dawa, kwa sababu ubongo nao unafanya mazoezi.
5. Funga. Pumzika nusu dakika hadi dakika moja.
6. Endelea na kichupa cha pili, cha tatu na cha nne.

Kazi yote haizidi dakika tano. Ifanye mara mbili kila siku, bila kuruka, kwa wiki 12 angalau. Ni bora kuendelea hadi miezi sita au zaidi. Mwaka 2015 watafiti wa Uturuki walionyesha kwamba waliobadilisha harufu zao kila baada ya wiki 12 na kuendelea kwa wiki 36 walipata matokeo mazuri zaidi. Kwa hiyo ukimaliza miezi mitatu, tafuta harufu nne nyingine: kwa mfano kahawa, vanila, mdalasini na asali.

Wengi huacha wiki ya tatu kwa sababu hawajasikia kitu. Usiache. Piga mstari katika daftari kila siku unapofanya, na kila Jumapili andika kwa kila kichupa: 0 kama husikii kitu, 1 kama unasikia kitu lakini hukijui, 2 kama unakitambua. Hatua ya kutoka 0 kwenda 1 ni nafuu tayari, hata kama harufu yenyewe si nzuri.

Ambao wamekaa mwaka mmoja au zaidi bila kunusa wana nafasi ndogo kuliko wale walioanza mapema, lakini hawajazuiwa kujaribu. Anayeanza mapema ana faida kubwa. Kama wiki mbili au tatu zimepita tangu mafua yakuache na harufu haijarudi, anza mazoezi sasa.

KUOSHA PUA KWA MAJI YA CHUMVI

Kama bado una kamasi, kuosha pua husaidia hewa kufika juu. Chemsha maji, yaache yapoe hadi yawe vuguvugu, kisha weka nusu kijiko cha chai cha chumvi safi ya kupikia katika glasi moja ya maji. Inama, mimina kidogo katika tundu moja la pua kwa kutumia kikombe chenye mdomo mwembamba au bomba la sindano lisilo na sindano, na uyaache yatoke. Fanya tundu la pili. Usitumie maji ya ziwa, ya mto wala ya bomba ambayo hayajachemshwa: ndani yake mna vijidudu vinavyoweza kudhuru vibaya vikipita puani. Pia usitumie chumvi ghafi ya ng'ombe kutoka Katwe, kwa sababu ina uchafu na madini mengine.

MAMBO YA KUEPUKA

Dawa za kuua bakteria. Amoksilini na nyinginezo haziui virusi na hazirudishi harufu.

Vidonge vya prednisolone bila kuandikiwa. Vipo watu wanaovinunua dukani kwa sababu wameambiwa "vinafungua pua". Kwa tatizo hili havijaonyesha faida ya kutosha, na vinaweza kupandisha sukari na shinikizo la damu, kuumiza tumbo, na kuamsha kifua kikuu kilicholala mwilini.

Matone ya kufungua pua kwa muda mrefu. Yasizidi siku tano. Yakizidi, pua huziba zaidi kuliko mwanzo.

Zinki ya kupulizia puani. Mwaka 1937 huko Toronto, Kanada, watoto wa shule walipuliziwa dawa ya zinki puani kwa matumaini ya kuzuia polio. Polio haikuzuiwa, na baadhi yao walipoteza harufu. Mwaka 2009 serikali ya Marekani iliwaonya watu tena juu ya dawa za mafua za namna hiyo.

Ugoro, kitunguu saumu au majani yaliyosagwa ndani ya pua. Vinaunguza ile ngozi laini ambayo tunataka iote upya. Sigara nayo inaichelewesha.

Kujifukiza kwa maji ya moto sana. Mvuke haurudishi neva, na sufuria ya maji yanayochemka chini ya blanketi imewaunguza watu wengi, hasa watoto. Usimfukize mtoto kamwe.

Chungwa lililochomwa. Habari hii ilienea sana katika simu mwaka 2020 na 2021. Haijathibitishwa. Ganda la chungwa bichi kwenye kichupa cha mazoezi lina faida zaidi.

KUISHI SALAMA WAKATI HUNUSI

Pua ni mlinzi wa nyumba. Mlinzi akilala, lazima uweke walinzi wengine.

Moto. Usiondoke jikoni chakula kikiwa motoni. Mwombe mtoto mkubwa au jirani akwambie akisikia harufu ya kuungua. Katika nyumba za turubai na nyasi, dakika moja inatosha kuleta hasara.

Jiko la makaa. Usiingize sigiri yenye makaa ndani ya nyumba mnamolala, hata kama kuna baridi. Hewa ya sumu inayotoka kwenye makaa haina harufu, hivyo hata mwenye pua nzima haisikii. Huua watu wakiwa usingizini.

Mafuta ya taa na dawa. Usiviweke katika chupa za soda au za maji ya kunywa. Vitie katika chombo chenye alama na ukiweke juu, mbali na watoto. Mtu asiyenusa anaweza kunywa mafuta ya taa akidhani ni maji.

Chakula. Pika leo, ule leo. Kama kuna kiporo, mwenye pua nzima akinuse kabla hujala, na kichemshwe tena vizuri. Maziwa yachemshwe siku yanapoletwa. Wauza samaki wa Kasenyi na wa mpakani Mpondwe wanaijua hatari hii kuliko wote: samaki akianza kuharibika, harufu ndiyo hutangulia. Kama huinusi, angalia macho yake yawe angavu, yasiyo na ukungu, mashavu yawe mekundu, nyama irudi ukiibonyeza kwa kidole. Na uwe na mwenzako wa kukukagulia kabla ya kumuuzia mteja.

Mtoto mchanga. Usingoje harufu. Mwangalie nepi kwa saa: baada ya kunyonya, baada ya kulala, kabla ya kulala.

Mwili wako. Oga na ubadilishe nguo kwa ratiba. Watu wengi wasionusa huogopa kukaa karibu na wenzao kwa sababu hawajui kama wananuka. Ratiba huondoa hofu hiyo.

CHAKULA KWA ALIYEPOTEZA HARUFU

Hatari kubwa ni kuacha kula. Mama mjamzito, anayenyonyesha, mzee na mtoto wasiachwe wakonde.

- Kama chakula hakina ladha, ongeza limau, pilipili kidogo, njugu zilizosagwa, au kitu cha kutafuna kama karoti. Ulimi na meno bado vinafanya kazi. Usiongeze chumvi kupita kiasi, hasa mwenye shinikizo la damu.
- Kama chakula kinanuka vibaya, kile kikiwa vuguvugu au kimepoa. Chakula cha moto hutoa harufu nyingi zaidi.
- Acha kwa muda vitunguu vya kukaanga, nyama ya kuchoma na kahawa. Kula posho, wali, viazi, ndizi, na maharage yaliyochemshwa bila vitunguu.
- Usiache vyakula vya kujenga mwili. Kama nyama haiwezekani, kula maharage, njugu, maziwa au dagaa, kile unachoweza kukivumilia.
- Kaa mbali na jiko wakati wa kupika, na umwombe mwingine apike kama inawezekana.

Mume, mke, watoto: mkiambiwa chakula kinanuka, msikasirike. Aliyepika hakukosea, na anayelalamika hatukani.

NENDA KITUO CHA AFYA HARAKA UKIONA:

- harufu imepotea baada ya kuanguka, kupigwa au ajali ya kichwa, hasa kama maji meupe yanatiririka puani;
- tundu moja tu la pua limeziba muda mrefu au linatoa damu mara kwa mara;
- maumivu makali ya kichwa, kutapika, kuona vibaya, uso kupooza au kuchanganyikiwa;
- mtoto mdogo anatoa uchafu unaonuka katika tundu moja la pua. Mara nyingi ameingiza punje ya haragwe au shanga;
- unazidi kukonda kwa sababu huwezi kula;
- huzuni imekuzidi, hulali, au unafikiri kwamba maisha hayana maana. Kupoteza harufu huleta huzuni kubwa kwa watu wengi, na huzuni hiyo ina msaada.

Kumbuka pia: mwezi Juni 2019 Ebola ilivuka mpaka kutoka Kongo hadi wilaya hii ya Kasese, na wagonjwa walihudumiwa katika kituo maalum cha Bwera. Kupoteza harufu peke yake si dalili ya Ebola. Lakini homa mpya pamoja na udhaifu mkubwa, kutapika, kuharisha au kutokwa na damu ni jambo la kutoa taarifa siku hiyo hiyo kwa VHT, bila kungoja na bila kumficha mgonjwa.

Kama harufu haijarudi baada ya miezi mitatu ya mazoezi, mwombe mganga wa kituo chako akuchunguze. Atatazama kama kuna uvimbe ndani ya pua, mzio au ugonjwa wa mashimo ya uso, mambo ambayo yana dawa zake. Kwa uchunguzi zaidi anaweza kukutuma Hospitali ya Bwera au Kagando, na kutoka hapo kwa daktari wa masikio, pua na koo katika hospitali ya rufaa. Chukua daftari lako la mazoezi uende nalo. Litamsaidia sana.

KWA UFUPI

1. Kupoteza harufu baada ya mafua au Korona ni ugonjwa wa kweli unaoletwa na virusi. Si sumu, si uchawi.
2. Wengi hupona ndani ya miezi sita.
3. Kama wiki mbili au tatu zimepita bila harufu kurudi, anza mazoezi: harufu nne, mara mbili kwa siku, wiki 12 au zaidi.
4. Usitie dawa kali puani, wala usinunue vidonge bila kuandikiwa.
5. Linda nyumba yako na moto, mafuta ya taa na chakula kilichoharibika.
6. Harufu mbaya isiyokuwepo mara nyingi ni dalili kwamba neva zinaota. Vumilia, na uendelee kula.

Msomee jirani asiyejua kusoma makala hii. Kama unamjua mtu ambaye tangu alipougua hasikii harufu, mwambie kuna la kufanya, na mkusanye vichupa vyake vinne leo.